Mwalimu Anasoma Nini Sasa?

Katika maandalio ya somo ya walimu-wanafunzi wengi, nafasi ya vitabu vya rejea hujazwa jina lile lile, yaani kitabu cha kiada cha darasa. Hatuilaumu desturi hiyo. Lakini swali letu kwa mwalimu anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, tuseme hapa Sombetini, ni jingine: wewe mwenyewe unasoma nini juma hili, na nani amekusikia ukikitaja?

Yafaa mwalimu awaambie wanafunzi kitabu anachokisoma sasa, hata kama hajakimaliza, hata kama kinamshinda mahali. Mtoto aonaye vitabu vikifunguliwa kwa ajili ya mtihani tu huamini kwamba watu wazima hawasomi. Kwa baadhi yao, huenda mwalimu ndiye mtu mzima wa pekee watakayemwona akisoma kwa hiari.

Tuchukue historia ya wavumbuzi. Majina ya Burton, Speke na Livingstone yanafahamika. Mwalimu anayesoma Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, atakuwa na habari nyingine: Selim bin Abakari alifuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na safari hiyo akaieleza kwa Kiswahili. Hapo mtazamaji ni mtu wa kwetu, na nchi ya kustaajabiwa ni ya wengine. Dakika tano zatosha: ramani ukutani, kidole kipite kutoka pwani yetu hadi Siberia, kisha mtoto mmoja aulizwe naye anasoma nini. Mwalimu mwenzake ofisini labda anasoma maisha ya Tippu Tip, yaliyosimuliwa na mwenyewe. Wapeane habari. Ila huyo asisomwe kama shujaa; alifanya biashara ya pembe na watumwa, na msomaji makini hujiuliza wale waliobeba mizigo wangesimulia nini.

Ushairi wa kale una ugumu wake. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama huyo alimtungia binti yake mwaka 1858, umo katika Kiswahili cha kaskazini ya pwani, na msomaji wa Arusha hukwama upesi. Hapa sauti iliyorekodiwa yasaidia kuliko karatasi, kwani utenzi huundwa ili ughaniwe. Mizani 8 za kila kipande husikika kabla hazijahesabiwa. Mwalimu ausikilize kwanza peke yake, achague beti chache, maana si zote zinazofaa watoto. Darasani usikilizwe madaftari yakiwa yamefungwa, ndipo beti mbili ziandikwe ubaoni.

Wapo wasemao kwamba mashine humfanya mwalimu mvivu. Yawezekana, kama atabonyeza simu na kuketi. Lakini aghani naye, hata kwa sauti isiyo nzuri, na akikwazwa na neno afungue kamusi pale pale mbele ya darasa.