Ajira za Marekani: Takwimu moja yawashitua wengi

Agosti 1, 2025 Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilitangaza kuwa ajira ziliongezeka kwa 73,000 mwezi Julai. Siku hiyo hiyo dola ilishuka na dhahabu ikapanda. Wengi waliokimbilia kuuza hawakusoma maelezo yanayoambatana na ripoti hiyo.

Takwimu hiyo hutokana na sampuli ya waajiri, si hesabu ya kila mfanyakazi. Ofisi yenyewe hueleza kuwa, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 90, mipaka ya makadirio ya mwezi mmoja huzidi 100,000 kila upande. Ukitoa 100,000 katika 73,000 unaangukia chini ya sifuri. Kwa lugha ya wanatakwimu, ripoti ile haikuweza kukanusha dhana kwamba ajira hazikuongezeka kabisa. Lakini haikuithibitisha pia, na hapo ndipo sokoni hukosewa zaidi: kushindwa kukanusha huchukuliwa kuwa ni ushahidi.

Hiyo asilimia 90 nayo si uhakika wa mwezi huo mmoja. Maana yake ni kwamba utaratibu huo wa kukadiria, ukirudiwa mara nyingi, hunasa ukweli mara tisa katika kumi.

Tena mipaka hiyo hupima kosa la sampuli tu. Fomu za waajiri zinazochelewa hazimo. Katika ripoti ile ile, ongezeko la Mei lilishushwa kutoka 144,000 hadi 19,000, na la Juni kutoka 147,000 hadi 14,000. Aliyenunua dola mapema Julai kwa kuamini ile 147,000 alikuwa ameshalipa.