Sherehe ya Kushtukiza Iwe na Mchezo wa Kwetu
Anayetaka kumshtukiza mpendwa wake siku ya kuzaliwa hapa Lubumbashi amwandalie chakula cha jioni chenye mchezo wa kuigiza katika Kiswahili chetu. Uwezo tunao: kundi la maigizo la Mufwankolo limelichekesha na kulifunza jiji hili kwa miongo mingi, na mchezo wake wa mwaka 1986 juu ya mamlaka ulimfanya mwanaanthropolojia Johannes Fabian auandikie kitabu kizima, kilichotoka 1990.

Wapo watakaosema ni gharama. Lakini bukari (ugali wetu), samaki na waigizaji wachache uani havihitaji ukumbi wa hoteli, na fedha inayotolewa humlisha msanii. Wengine hudai vijana wanataka muziki tu. Basi muziki wetu wa karindula upigwe kati ya maonyesho. Na kwa ajili ya wasio na ua, nanyi wenye mikahawa, wapeni waigizaji wetu jukwaa.