Diski Inayogonga Isiwashwe

Wako watu wasemao kwamba kompyuta ikizeeka na kugoma, dawa yake ni kuizima na kuiwasha tena mpaka ikubali. Mimi nasema dawa hiyo ndiyo iuayo mgonjwa. Katika shule nyingi, na za kwetu Mbuba zimo, alama za wanafunzi, barua za ofisi na picha za waliomaliza zimo ndani ya kompyuta moja kuukuu, wala hazina nakala mahali pengine. Alama zaweza kuandikwa upya kutoka daftari la mwalimu. Lakini sauti ya mzee aliyerekodiwa akisimulia kwa Kishubi, naye amekwisha kufa, nani atairudia?

Kwanza tuangalie diski ni kitu gani. Ndani yake mna sahani ngumu zenye kung'aa, nazo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu ya kila sahani hupita kichwa kidogo kisomacho yaliyoandikwa, bila kuigusa, kwa nafasi ya nanomita chache tu. Na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene mara elfu nyingi kuliko nafasi hiyo. Kichwa kikiharibika, diski huanza kugonga, tik, tik, tik, maana kinatafuta njia wala hakiioni. Kila uiwashapo hapo, huenda unakituma kulima sahani kama jembe, na palipolimwa hapasomeki tena, hata ukimwita fundi wa nchi gani.

Ushahidi upo. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilivunjika angani kikirudi kutoka anga za juu, na watu wote 7 waliokuwamo walikufa. Miezi kadhaa baadaye diski moja iliokotwa katika mabaki, imeungua na kujaa uchafu. Walakini mafundi walisafisha sahani zake, wakaziweka katika diski nyingine nzima, wakapata karibu asilimia 99 ya yaliyoandikwa. Na mwaka 2008 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi uliokuwamo. Sababu ni nini? Sahani zilikuwa na mikwaruzo, lakini mikwaruzo hiyo ilikuwa mahali pasipoandikwa kitu. Diski nyingine mbili za chombo kile hazikutoa lolote. Basi moto haukuishinda diski ile, nasi twaziua zetu kwa kidole kimoja juu ya kitufe.

Kwa hiyo diski igongayo yafaa izimwe mara moja, itolewe, ifungwe vizuri na kuandikwa juu yake "Isiwashwe", mpaka ipatikane maabara yenye hewa iliyochujwa vumbi. Wako mafundi wa mezani ambao huifungua kifuniko "waone kidogo", na vumbi letu jekundu la Agosti, sote twalijua, halingoji kukaribishwa. Wengine huifomati, kisha wakairudisha wakisema imepona. Imepona kweli, ila kila kitu chako kimefutwa! Tena mkumbuke, wazazi, kwamba ndani ya diski hiyo mna majina ya watoto wenu na namba zenu za simu, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuwekwa kwa ajili ya mabenki peke yake.

Ikiwa diski haigongi bali yasoma kwa taabu, hapo kazi yetu ipo. Nakili kwanza, tengeneza baadaye. Iko programu ya bure iitwayo ddrescue, aliyoitunga Antonio Díaz Díaz mwaka 2004. Hiyo husoma kwanza sehemu zilizo nzima, huruka zile mbovu, kisha huzirudia mwishoni. Na huweka ramani ya ilikofika, hata umeme ukikatika katikati huendelea palepale. Nakala ikisha patikana, picha na barua hutafutwa ndani ya nakala hiyo kwa programu kama PhotoRec, na diski mgonjwa huachwa ipumzike.

Najua wazazi watauliza habari ya fedha. Kwa alama na barua, flashi moja yatosha kuhifadhi za shule nzima kwa miaka mingi. Picha na sauti zataka diski ya pili, nayo isikae katika chumba kimoja na ile ya kwanza, maana mwizi hachagui.

Zimebaki zile kompyuta za zamani zilizolundikana katika stoo za shule, hakuna ajuaye zina nini. Kabla hazijachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, naomba walimu waturuhusu wanafunzi tuzifungue Jumamosi mbili za muhula ujao, mwalimu akisimamia, tukiwa na ule waya ugeuzao diski za zamani ziingie tundu la USB. Tuanze na zile ambazo hazijaanza kugonga.