Hita isiyopasha joto ni hasara ya dizeli

MADEREVA wanaobeba viazi mviringo kutoka Makete na Njombe kati ya Juni na Agosti wanaijua adha hii. Alfajiri kuna siku nyasi zimefunikwa na barafu, kioo cha mbele kimejaa ukungu kwa ndani, na hita imefunguliwa hadi mwisho lakini inapuliza upepo wa baridi kama ule wa nje. Utingo anafuta kioo kwa kitambaa, dereva anachungulia kwenye kipande alichofutiwa, na gari linateremka hivyo hivyo kilomita kumi, ishirini, kabla joto halijaonekana. Mara nyingine halionekani kabisa hadi safari inaisha.

Wenye magari wengi hulichukulia jambo hili kuwa ni la starehe. Hita, kwa mawazo yao, ni kitu cha Wajapani walikotoka magari hayo. Dereva avae koti. Mtazamo huo unawagharimu fedha. Hita ya gari haina moto wake yenyewe, bali huchota joto kutoka kwenye maji yanayozunguka injini. Ikipuliza baridi muda wote huo, mara nyingi maana yake ni kwamba maji ya injini nayo ni ya baridi, na injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi inakula mafuta zaidi na kujila yenyewe. Oili ikiwa baridi huwa nzito. Dizeli haiungui yote, nyingine huteremka kwenye kuta za silinda, ikaisuuza oili na kuchanganyika nayo.

Ni kweli kwamba dizeli huchelewa kupata joto kwa asili yake. Injini ya dizeli hugeuza sehemu kubwa zaidi ya mafuta kuwa kazi kuliko ya petroli, hivyo joto linalobaki kwa ajili ya maji ni dogo, hasa gari likiwa limesimama na kunguruma tu. Ndiyo sababu magari mengi ya dizeli yanayouzwa Ulaya huongezewa vihita vya umeme au vya kuchoma mafuta. Lakini kuchelewa kwa dakika kumi ni jambo moja, na kwenda nusu saa mwendo wa barabarani huku mshale wa joto umelala chini ni jambo jingine.

Katika magari ya huku chanzo cha hilo la pili mara nyingi ni kimoja: thamostati imeng'olewa. Kifaa hiki ni kidogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja. Ndani yake kuna nta inayotanuka ikipata joto. Maji yakiwa baridi thamostati hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate joto haraka. Yakifika nyuzi joto 76 hadi 88 hivi, kutegemea aina ya injini, huanza kufungua. Ukiing'oa, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na baridi ya Makete inafanya iliyobaki.

Kwa nini inang'olewa? Hapa inafaa kuutazama mlima Kitonga, mkoani Iringa. Lori likipanda kutoka bonde la Ruaha likiwa na mzigo, huku magunia yakiwa ya lumbesa kama kawaida, si ajabu likachemsha. Dereva anafika gereji na fundi anatoa jibu ambalo limekuwa kama msahafu: hii ni nchi ya joto, thamostati ni ya kwa Wajapani, tuitoe. Inatolewa, gari linaondoka, kila mtu anafurahi.

Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, thamostati nzima ikishafunguka haizuii maji. Gari lililochemsha Kitonga lina tatizo jingine: rejeta iliyoziba kwa kutu na matope, mkanda wa feni uliolegea, pampu ya maji iliyochoka, gasketi, au mfuniko wa rejeta usioshika presha. Mfuniko huo hudharauliwa mno. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, si 100, na ni presha ya mfuniko inayoyazuia yasichemke mapema. Pili, baadhi ya injini zina njia ya pembeni ambayo thamostati huiziba inapofungua ile ya rejeta. Ikitolewa, njia ya pembeni inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Injini ya namna hiyo hukosa joto Makete na bado ikachemsha Kitonga.

Tuseme pikapu inayozunguka vijijini kukusanya viazi inatumia lita 10 za dizeli kwa siku, na kwa kwenda ikiwa baridi inapoteza lita moja katika kila 20. Hiyo ni nusu lita kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni lita 150, na hapo oili iliyoharibika mapema na silinda zilizolika hazijahesabiwa. Magari ya safari fupi ndiyo yanayoumia zaidi, kwa sababu lori lenye mzigo la kwenda Dar es Salaam hatimaye hupata joto njiani, lakini pikapu ya shambani huzimwa kabla haijapata.

Hasara hii inadumu kwa sababu anayeiona siye anayeilipa. Dereva ndiye anayetetemeka, lakini dizeli si yake. Mwenye gari ndiye anayelipa dizeli, lakini yuko nyumbani na hajui hita inapuliza nini. Fundi naye amelipwa kwa kuondoa tatizo la siku ile. Lita zinazopotea haba na haba kituo cha mafuta hazimrudii. Muuza vipuri haagizi thamostati kwa kuwa hakuna anayeziulizia. Mwenye gari akimuuliza dereva wake swali moja tu kila wiki, kwamba mshale umesimama wapi baada ya kilomita kumi, mambo mengi yangebadilika.

Kunguruma nusu saa uani hakusaidii. Injini iliyosimama haipati joto la maana, na gari kubwa huweza kumaliza lita nzima ya dizeli au zaidi kwa saa bila kwenda popote. Ni bora kuwasha, kusubiri dakika moja au mbili oili izunguke, kusafisha kioo, kisha kuondoka taratibu bila kuibana injini. Feni ya hita izimwe au iwekwe chini kilomita za mwanzo, halafu upepo uelekezwe kwenye kioo. Wapo wanaoziba rejeta kwa boksi. Linasaidia, ila likisahauliwa hadi mlimani linaweza kuua gasketi.

Kabla ya kununua kitu, mwenye gari aangalie kiwango cha maji injini ikiwa imepoa, kwani maji yakipungua hita mara nyingi ndiyo hutangulia kupoa. Kisha aguse mipira miwili ya hita injini ikiwa imepata joto. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, hita imeziba au koki yake imefungwa. Kutu ndiyo huziba, nayo hutokana na kutumia maji matupu badala ya maji yaliyochanganywa na kulanti.

Thamostati ya dukani ipimwe kwenye sufuria ya maji jikoni kabla ya kufungwa: ikiwa baridi iwe imefunga, na ianze kufunguka kabla maji hayajatokota. Ile ya nyuzi 88 isikataliwe eti haikufunguka yote, kwa sababu huko juu maji hutokota mapema. Wakati wa kuifunga, katundu kadogo kenye kipini kawe upande wa juu ili hewa itoke, na injini iachwe ingurume mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi hadi mapovu yaishe. Fundi akiiruka hatua hiyo hewa itabaki ndani, gari litachemsha siku hiyo hiyo, naye ataing'oa tena.