Watoto saba, sindano moja: nani mdhamini?



Wiki moja kabla ya Sikukuu, hapa Pujini, nilimsindikiza wifi yangu kumpeleka binti yake kutogwa masikio. Bibi anayetoga ni mtu mwema, mkono wake mwepesi, na wengi wetu hereni tulizovaa tunazivaa kwa kazi yake. Tulikuta watoto sita wameshakaa mkekani. Sindano ilikuwa moja. Kila akimaliza mtoto, aliipitisha kwenye moto wa kibatari, akaifuta kwa kitambaa, akamwita anayefuata. Wa saba alikuwa wetu. Nilimwomba wifi turudi nyumbani. Alinikasirikia njia nzima, akaniambia nimemvunjia heshima bibi wa watu. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kila mzazi.

Kwanza tuelewane. Hatuzungumzii uhalali wa hereni. Wanawake wa zama za Mtume (s.a.w.) walivaa, na inajulikana namna walivyozivua siku ya Idi wakazitoa sadaka katika nguo ya Bilal (r.a.). Wanazuoni wengi wameruhusu kumtoga mtoto wa kike. Tunachozungumzia ni sindano.

Sindano ikipita kwenye ngozi ya mtu hubeba damu, hata kama jicho halioni. Katika damu hiyo kunaweza kuwa na virusi vya UKIMWI, na kunaweza kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huambukiza kwa wepesi zaidi na huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Moto wa kibatari hauaminiki. Huacha masizi, haupashi sindano yote sawasawa, na kitambaa kinachofutia huirudishia uchafu. Hata maji yanayochemka hayatoshi, kwani mbegu za vijidudu vya pepopunda huvumilia. Hospitali hutumia mvuke wenye mgandamizo, wa nyuzi joto 121, kwa muda usiopungua dakika 15. Nani ana chombo hicho jikoni kwake?

Wifi aliniambia: "Bibi zetu wote walitogwa hivi hivi, na hawakufa." Ndugu msomaji, hapa ndipo tunapojidanganya. Homa ya ini B haiui siku ya pili. Mtoto huambukizwa leo, akakua, akasoma, akaolewa, na baada ya miaka 20 au 30 ini likaharibika au likapata saratani. Tumbo linajaa maji, tunasema karogwa. Hakuna anayekumbuka sindano ya mkekani.

Na kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo hatari inavyozidi. Katika watoto wachanga 100 wanaoambukizwa mwaka wao wa kwanza, 80 hadi 90 hubaki na ugonjwa huo mwilini. Kwa watu wazima hawafiki 5 katika 100. Chanjo ya homa ya ini B imo katika chanjo za watoto Tanzania tangu mwaka 2002, na hutolewa pamoja na ya pepopunda katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sasa tazama desturi zetu: wengine humtoga mtoto siku ya saba, wengine akitimiza arobaini. Yaani tunamtoboa kabla kinga yake haijakamilika. Ana haraka gani ya hereni?

Msidhani walio mjini wamesalimika. Siku hizi zipo saluni zinazotoga kwa bunduki ya plastiki. Bunduki ya namna hiyo haiwezi kuingizwa kwenye mvuke, maana itayeyuka. Na vijana wanataka kutoga juu ya sikio, kwenye gegedu, mahali ambapo damu hupita kidogo na kidonda hupona kwa shida. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon huko Marekani, watu waliotogwa gegedu kwenye kibanda kimoja cha mapambo walipata maambukizi makali, wengine wakalazwa na masikio yao yakaharibika umbo. Wachunguzi walipofuatilia waliwakuta vijidudu ndani ya chupa ya dawa iliyokuwa ikitumika kusafishia. Dawa yenyewe ndiyo ilikuwa imechafuka! Kung'aa kwa duka si usafi.

Ndiyo maana wenzetu wameweka sheria. Uingereza, sheria ya mwaka 1982 iliyapa mabaraza ya miji uwezo wa kuwaandikisha watoga masikio na kuwawekea kanuni za usafi. Mwaka 2003 ikapanuliwa kwa utogaji wa sehemu nyingine za mwili.

Wala tusiseme haya ni mambo ya Wazungu. Karne ya 12, al-Shayzari aliandika kitabu cha kazi ya muhtasibu, msimamizi wa masoko katika miji ya Waislamu, na wapiga chuku na watoa damu wana mlango wao humo. Mtume (s.a.w.) naye ametufundisha kwamba anayetibu watu bila ya kujulikana kuwa ana ujuzi, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyasababisha. Kutoga si tiba, lakini mkono unaotoboa mwili wa mwanadamu hauwezi kukosa mdhamini.

Mkahawa wa chai hukaguliwa na afisa afya. Je, lini ulimwona akikagua nyumba au saluni inayotoga? Nashauri haya:

1. Sheha aandike majina ya wote wanaotoga, wanaopiga chuku na wanaotahiri katika shehia. Iwe bure, wala isiwe kwa kuwatisha, maana wakitishwa watajificha.

2. Maafisa afya wa Chake Chake wawafundishe, na anayefuzu apewe cheti akibandike ukutani.

3. Sindano mpya iliyofungwa kwa kila mtoto, ifunguliwe mbele ya mzazi, kisha itupwe kwenye chombo kigumu.

4. Asiyefuata baada ya kufundishwa azuiwe.

Na wewe mzazi usisubiri sheria. Mnunulie mwanao sindano yake dukani kwa dawa, subiri chanjo ya wiki ya 14, hakikisha mtogaji ananawa mikono kwa sabuni, na usipake jivu wala tope kwenye kidonda. Sikio likivimba, likitoa usaha, au mtoto akikaza taya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kumwambia bibi "naomba sindano mpya" si kumvunjia heshima. Tunamkinga yeye pia asije akaulizwa mbele ya Mola wake kwa dhara ambalo hakulikusudia. Sikio la kufa halisikii dawa. Tuombe masikio yetu yasiwe hayo.

Allah (s.w.) awalinde watoto wetu. Amin.