Tunalipia spika, waya hatulipii: siku moja nganya itatuchoma

Hebu sema ukweli. Jioni ukiwa stejini pale Railways, huacha mathree ngapi zipite ukingojea ile nganya yenye mdundo? Mbili? Tatu? Mimi pia. Ikifika unaingia, besi inakugonga kifuani, unatoa simu unarekodi skrini na taa za rangi. Umeme wa hiyo sherehe yote umepitia wapi, hiyo hujawahi kuuliza.

Mimi huuliza, kwa sababu nimewahi kuunganisha vibaya.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, nikaanza kufunga muziki kwenye magari ya marafiki. Video kadhaa za YouTube, koleo la kuazima, tayari nikajiita fundi. Gari la tatu lilikuwa Probox ya beste yangu. Amplifaya ikakaa buti. Waya nyekundu nikaitoa kwenye betri, nikaipitisha kwenye tundu la kile chuma kinachotenga injini na dashibodi, hadi nyuma. Tundu sikulivisha raba. Fyuzi sikuweka kwa sababu pesa za beste zilikuwa zimeishia kwa spika. "Weka hivyo tu, hiyo tutaongeza mwisho wa mwezi," akasema, nami nikakubali.

Mwisho wa mwezi haukufika. Tulikuwa Jogoo Road, foleni imesimama, nikasikia harufu ya plastiki, kisha moshi ukatoka miguuni pangu. Makali ya lile tundu yalikuwa yamekula ngozi ya waya. Nilifungua boneti nikang'oa kichwa cha betri, na kovu la siku hiyo bado liko kiganjani. Spika, kwa taarifa yako, hazikuumia hata kidogo.

Tufanye hesabu, usitoroke. Amplifaya ya wati 1,000 za kweli (si zile zinazochapishwa kwa boksi) ikipata volti 12 inataka ampea 83. Ongeza umeme unaopotea kama joto, unakaribia 100. Birika la umeme la wati 2,000 pale kwako hutumia ampea 8 na kidogo, kwa sababu umeme wa ukutani ni volti 240. Sasa fikiria waya inayobeba zaidi ya mara kumi ya hizo, imelazwa chini ya zulia, kando ya sponji za viti, halafu mtu ameamua iwe nyembamba kwa vile nene ni ghali. Tena kuna ile inayong'aa kama shaba na si shaba. Ikwaruze na wembe. Ikiwa nyeupe ndani umeuziwa aluminiamu iliyopakwa rangi ya pesa zako, na hiyo haipitishi umeme vizuri kama shaba. Lazima iwe nene zaidi ndiyo ifanye kazi ileile.

Na fyuzi ya pale betrini hailindi amplifaya, vile wengi hudhani. Amplifaya huja na fyuzi zake. Ile ya betrini inalinda waya. Ndiyo maana inafaa ikae karibu sana na betri, isipite sentimita 45 hivi, kwani kipande chochote kilicho kabla yake hakina mlinzi. Ukubwa wake nao hufuata unene wa waya, haufuati hamu yako ya besi. Ikikatika kila mara, kuna fundi atakwambia weka kubwa zaidi. Kuna mwingine ataifunga na karatasi ya sigara. Huyo mkimbie.

Kwenye nganya mambo ni magumu zaidi. Mabasi mengi ya abiria 33 yana betri mbili zilizofuatanishwa kutoa volti 24, na amplifaya za magari ni za volti 12. Njia sahihi ni kuweka kifaa cha kushusha umeme, chenye uwezo wa kubeba mzigo wote. Njia ya mkato ni kuchota 12 kutoka betri moja. Muziki utalia, mwenye gari atashangilia. Lakini altaneta haijui kuna betri moja inanyonywa peke yake. Inachaji zote mbili kama pacha. Moja inabaki na njaa, nyingine inashibishwa hadi inachemka. Gari likikataa kuwaka asubuhi, atalaumiwa aliyeuza betri.

Najua lawama zitaenda wapi: mafundi wa mtaani, hawajasoma. Hapo nakataa. Wengi wao wanajua haya yote kunishinda. Anayefuta fyuzi kwenye bajeti ni mteja, kwa sababu waya haionekani kwa video. Fundi akitaja bei ya waya nene tunamwita mwizi, akitaja bei ya spika ya tano tunauliza rangi zipo gani. Na wale wanaotaka muziki upigwe marufuku kabisa, tulieni. Nganya inalisha wachoraji, washona viti, mafundi wa taa, na mimi kuna miezi imenilisha. Ninachotaka ni kidogo: anayekagua matatu aulize pia fyuzi ya muziki iko wapi, na fundi akatae kazi isiyo na pesa ya waya, vile mimi sikukataa.

Wewe abiria hauna spana, lakini macho unayo. Taa za ndani zikififia kwa kila mdundo, umeme haufiki unavyotakiwa. Inaweza kuwa betri, inaweza kuwa waya.

Juzi niliona hivyo nikamuuliza makanga fyuzi yao iko wapi. Akanitazama juu hadi chini. "Buda, unapanda ama unafanya inspeksheni?"

Nilipanda. Nilikaa kiti cha karibu na mlango.