Kisangani: taa za njano zinahatarisha watu wa toleka

Kuelekea saa moja ya usiku giza limekwisha kuingia Kisangani. Kwenye barabara zisizo na mwanga, watu wa toleka wangali wanabeba abiria kwa baiskeli, na wengi hawana taa. Uhai wao unategemea dereva awaone mapema.

Lakini magari mengi mjini ni ya zamani, na taa zake za mbele zimekuwa njano. Kifuniko cha taa hizo ni plastiki, si kioo. Kiwandani hupakwa vanishi ya kuzuia jua. Vanishi hiyo ikiisha, jua linaiunguza plastiki. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa: zilitoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilipong'arishwa, zilifika karibu asilimia 70.

Kubadilisha balbu hakuondoi njano hiyo. Dawa ya meno inasaidia siku chache tu. Kazi kamili ni kusugua kwa msasa na maji, kutoka msasa mkali hadi ule laini kabisa, kung'arisha, kisha kupaka vanishi mpya ya kuzuia jua. Fundi akiiacha hatua hiyo ya mwisho, njano inarudi upesi.

Wakaguzi wa magari nao watazame mwanga wa taa, si karatasi peke yake. Na mwenye gari asingoje barabara ziwekwe taa. Za gari lake ziko mikononi mwake leo.